YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHATI KUACHA NJE DATA MPYA

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wafugaji mkoani Tanga, na huu ni mwaka wa tatu tunalipia programu yenu ya lahajedwali, ambamo kila mwisho wa mwezi mimi huingiza lita za maziwa zilizopokelewa kituoni kwetu.

Chati niliyoichora mwaka jana inasoma visanduku vya A2 hadi B13, yaani Januari hadi Desemba. Nilipoandika Januari ya mwaka huu kwenye mstari wa 14, na miezi miwili iliyofuata chini yake, chati haikutikisika, wala programu haikunionya kwamba takwimu hizo zimeachwa nje. Niligundua hayo ukumbini, mbele ya wanachama, pale mwenyekiti aliponyoosha fimbo yake kwenye ukuta ulioonyesha chati hiyo na kuuliza maziwa ya miezi mitatu yamekwenda wapi. Na kwa mhasibu, swali la namna hiyo halina mzaha.

Watoa huduma wenu walinielekeza nichomeke mstari mpya juu ya ule wa Desemba, kwa kuwa chati hutanuka mstari unapoingia katikati ya eneo lake. Ni kweli hutanuka, lakini Januari hukaa kabla ya Desemba, ikanilazimu kuhamisha tarakimu kwa mkono. Baadaye walinipa fomula ya OFFSET na COUNTA, ambamo OFFSET huweka ukubwa wa eneo linalosomwa na chati kwa kufuata hesabu ya COUNTA, nayo ilifanya kazi vizuri mpaka Mei, mwezi ambao mizani ya kituo iliharibika na kisanduku chake kikabaki kitupu. COUNTA huhesabu visanduku vilivyojazwa tu, hivyo hesabu ikapungua kwa kimoja, na nilipoingiza Juni haikuonekana kwenye chati. Kuchagua eneo hadi mstari wa 60 nako kulinipa mchoro uliosongamana kushoto na uwanja mtupu kulia.

Ninaomba chati itanuke yenyewe data inapoongezwa chini ya mstari wa mwisho, au angalau programu iniulize. Iwapo uwezo huo upo kwenye kifurushi cha bei ya juu, kama mtoa huduma wenu mmoja alivyodokeza, mnieleze kwa maandishi kwa nini chati kusoma jedwali lake lote kuhesabiwe kuwa huduma ya ziada.

Nimeambatisha nakala ya faili husika, na ninaomba majibu ndani ya siku 14, kabla sijaandaa taarifa ya robo mwaka ijayo.

Wako,
Mhasibu wa Chama