Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: kabla hatujaifyeka kona ya wanafunzi

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa sayansi na mlezi wa klabu ya mazingira katika shule ya msingi iliyo chini ya ofisi yako. Wiki iliyopita tulitembelewa na wakaguzi. Vyoo vilipita, madarasa yalipita, mapipa ya taka yalipita. Walipofika nyuma ya maktaba walisimama, wakatazamana, kisha mmoja akaandika kwenye fomu: "Kichaka kifyekwe. Magogo yaondolewe." Tumepewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Siwalaumu. Fomu waliyoshika ina mstari mmoja tu kuhusu uwanja: safi au si safi. Nyasi zikizidi urefu wa kiatu, shule imepoteza alama. Ninachokuomba kinahusu huo mstari, ndiyo maana naandika hadharani: shule zinazokaguliwa kwa fomu hiyo ni nyingi, na walimu wenzangu kadhaa wameshaniambia kwamba hawathubutu hata kuanza.

Walichokiita kichaka ni eneo la hatua kumi kwa sita. Lina miti midogo ya asili yenye maua, nyasi ambazo hatuzikati, majani makavu tunayoyaacha yalipoanguka, na rundo la magogo yanayooza. Kuoza kwenyewe ndiko tunakokutaka. Gogo linapolainika huingia kuvu, mbawakawa na jongoo, na nyuma yao huja wanaowala. Ukilichoma, umechoma nyumba na ghala kwa pamoja.

Mwaka wa kwanza viwavi waliivamia miti yetu. Asubuhi moja tuliyakuta majani yametobolewa kama chujio, mengine yamebaki mishipa mitupu. Nusu ya klabu ilitaka dawa ipulizwe siku hiyohiyo. Nusu nyingine ikauliza: tumewapandia wenyewe, sasa tunawaua kwa kosa la kula? Walibishana kipindi kizima. Nilinyamaza, ingawa nakiri moyoni nilikuwa upande wa dawa. Wakaamua kusubiri wiki mbili. Siku ya tisa akatokea ndege mdogo wa kijivu, ambaye jina lake hadi leo wanalibishania, akawa anaingia na kutoka na kiwavi mdomoni. Wanafunzi walikaa chini wakati wa mapumziko wakihesabu safari zake: kumi na nne katika dakika ishirini. Hapo sentensi moja ilinitosha kufundisha kwamba ndege wengi wadogo, hata wale wanaokula mbegu wakishakua, hulisha makinda wao wadudu. Miti ilichipua tena, na dawa hatukuinunua.

Vipepeo nao walitufundisha kwa namna yao. Kipepeo aliyekomaa hufyonza nekta kwenye maua ya aina nyingi, lakini kiwavi ni mteuzi, na spishi nyingi hutaga mayai kwenye mimea michache tu wanayoijua. Kwa hiyo bustani ya mapambo, yenye maua yaliyopangwa kwa rangi mbele ya ofisi, inaweza kujaa vipepeo mchana kutwa na isizae hata mmoja. Kwenye fomu bustani hiyo hupata alama zote.

Najua kinachoitia hofu ofisi yako, kwa kuwa wazazi walituuliza maswali hayohayo.

Nyoka. Rundo la magogo tumeliweka pembeni kabisa, mbali na madarasa na njia, na ukanda wa nyasi fupi unalizunguka ili anayekaribia aone anapokanyaga. Hakuna mtoto anayeinua gogo kwa mkono, na anapoinua mtu mzima hutumia fimbo. Lakini tuseme ukweli wote: nyoka hufuata panya, na panya hufuata mabaki ya chakula. Jalala lililo wazi nyuma ya jiko la shule lingestahili wasiwasi zaidi ya kona yetu, na fomu haina mstari wa jalala.

Mbu. Hapa hofu ina haki yake. Bwawa lililokomaa huwa na watoto wa kereng'ende, ambao huishi majini na kula viluwiluwi vya mbu, ila bwawa jipya huwa bado halina walinzi hao, na mbu huwahi kufika kabla yao. Kwenye maeneo yenye malaria singeishauri shule ichimbe bwawa kwa pupa. Sisi tuna beseni pana lenye mawe ya kukanyagia, ambalo ndege hunywea na kuogea. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, hivyo zamu yetu humwaga maji na kulisugua beseni mara mbili kwa wiki. Daftari la zamu lipo, wakaguzi hawakulifungua.

Nyuki. Duniani kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na walio wengi hawana mzinga, hawana malkia, wala hawana asali ya kuilinda. Kila jike hujitafutia tundu lake, na ni nadra kuuma. Wanafunzi waliwatobolea matundu ya milimita 2 hadi 10 kwenye vipande vya mbao vikavu, na mengi sasa yamezibwa kwa udongo, ishara kwamba ndani kuna mayai. Wengine hutaga ardhini, kwenye udongo mtupu wenye jua. Kwa hiyo hatudai kila kitu kiwe nyasi. Uwanja mtupu wa kuchezea tunaupenda kama shule nyingine yoyote, ni kona tu tunayoiombea.

Utanijibu, labda, kwamba shule zina siku ya kupanda miti. Zipo, na nimeshiriki nyingi. Mgeni rasmi huja, picha hupigwa, mche huachwa na kibao chenye jina lake, na likizo ikifika hakuna wa kuumwagilia. Mpango wa kimataifa wa Eco-Schools, ulioanza mwaka 1994, unaanzia mahali tofauti kabisa: hatua ya kwanza ni kamati ya wanafunzi, ya pili ni wao kukagua mazingira ya shule yao. Mche haujaguswa bado. Mtoto aliyeamua wapi pawe na kivuli hukumbuka kupeleka maji.

Wala si jambo la ziada tunaloomba kwa hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 29, unataja kuheshimu mazingira ya asili miongoni mwa malengo ya elimu yenyewe. Sioni namna ya kulitimiza hilo kwa mchoro wa ubaoni.

Basi naomba fomu ya ukaguzi iongezewe mstari mmoja unaoitambua kona ya viumbe, kwa masharti ambayo ofisi yako itayaona yanafaa: umbali kutoka madarasani, njia iliyokatwa nyasi, daftari la zamu, mtu mzima anayewajibika. Tukague kwa masharti hayo, tena kwa ukali. Na dawa za kuua magugu na wadudu zisipulizwe hapo bila klabu kuulizwa.

Mstari wa fomu najua utachukua muda, vikao na sahihi. Kuna jambo dogo lisiloweza kusubiri hivyo. Yule ndege wa kijivu amerudi mwaka huu na safari hii amejenga ndani ya kona yenyewe, kwenye tawi la usawa wa bega la mwanafunzi wa darasa la sita. Makinda ni watatu, walitoka mayaini Jumatatu. Makinda wa ndege wa umbo lile huondoka kiotani baada ya wiki mbili hivi. Muda tuliopewa wa kufyeka unaisha Ijumaa ya wiki ijayo, nasi tunaomba siku kumi zaidi.

Wako katika kazi,
Mlezi wa klabu ya mazingira