Barua kwa mwanangu Wakesho: kamba itoe mkononi

Wakesho mama,

Hatujambo huku nyumbani. Mvua imekatika mapema, na baridi ya Wundanyi unaijua. Mengine baadaye. Ile video uliyomtumia ndugu yako Mwakio nimeiona. Alinionyesha jana jioni, nikamwambia airudishe nyuma, airudishe tena, mpaka akachoka, akaniachia simu na kwenda kulala. Umependeza na hiyo helmeti. Lakini pale farasi wako Bi Mkubwa anapoinua kichwa kuwatazama pundamilia, nimeona umejizungushia kamba ya kumwongozea kiganjani, mizunguko miwili, umeikaza kama mtu anayevuta ng'ombe wa mnada. Ndiyo maana naandika. Ningepiga simu, ila kwenye simu utaniambia "sawa baba, sawa baba", na hiyo sawa yako naifahamu tangu ukiwa darasa la tatu.

Usijizungushie kamba mkononi. Ikunje huku na huku, mikunjo ilale kiganjani, vidole viifunge kwa nje, ili akiruka mikunjo ifunguke yenyewe na mkono ubaki wako. Farasi wa mbio ana zaidi ya kilo 450, na akishtuka hatakusubiri ujinasue. Kidole changu unakijua. Mama yako mpaka leo huwaambia watu kwamba farasi ndiye aliyekosa, na mimi sijawahi kumsahihisha.

Unasema huyo farasi ni mkaidi, kwamba vijana wote wa hapo wamemkimbia, amebaki wako. Mimi kwenye video sioni ukaidi. Naona farasi wa kiwanja cha mbio cha Ngong anayefanya alichofundishwa. Unalalamika kwamba ukivuta vigwe, zile kamba unazoshika ukiwa juu, ndipo anazidi kukimbia. Sasa ulitaka afanye nini? Kule kiwanjani alfajiri joki anarushwa juu huku farasi anatembea, hakuna anayemwambia simama. Akishakaa, anakaza vigwe vyote viwili, na farasi anajua hapo ndipo pa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Ameambiwa hivyo asubuhi baada ya asubuhi tangu ana miaka miwili. Halafu miguu inachoka, anauzwa, analetwa Laikipia, unampanda wewe na kuvuta vigwe viwili ukitaka asimame.

Tumia kigwe kimoja. Anza ukiwa chini, yeye amesimama. Vuta kidogo kando, usimnyang'anye kichwa, subiri pua ielekee begani. Akilegeza hata kidogo, achia hapo hapo. Kushoto, kisha kulia. Ukishapanda, rudia akiwa amesimama, halafu akitembea, halafu akienda kwa haraka kidogo. Yawe mazoea ya mwili wake kabla hujayahitaji. Usingoje mpaka ameshika mbio kwenye mteremko wenye mashimo ya mhanga ndipo umpinde shingo, mtaanguka wote wawili, na yeye ndiye atakayekuwa juu.

Na upande wa kulia umshughulikie. Farasi wa mbio ameongozwa kutoka kushoto, akatandikwa kutoka kushoto, akapandwa kutoka kushoto, maisha yake yote. Ukimjia kulia na blanketi anakuona kama mtu mwingine kabisa. Msugue huko, mpitishie kamba mgongoni huko, mwinue kwato za huko kwanza. Mbele ya paji la uso wake hakuoni, na nyuma ya mkia hakuoni. Kwingine kote anakuona hata akiwa ameinama anakula, kwa hiyo kumnyemelea hakukusaidii kitu.

Lakini kabla ya yote hayo, nani amemtazama meno? Nilikuuliza mwezi uliopita ukanijibu habari za mshahara. Meno ya juu huota ncha kali upande wa shavu, yanachana nyama ya ndani, na lijamu likiguswa anatupa kichwa. Watu wanasema ana kiburi. Halafu ulisema ukifunga mkanda wa tumbo anageuka kukuuma. Farasi wengi wanaotoka kwenye mbio wana vidonda vya tumbo. Wanalishwa nafaka nyingi na nyasi kidogo, wanasimama bandani saa nyingi tumbo likiwa tupu, na tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile. Mpe nyasi kavu kidogo kabla ya kazi, asiende na tumbo tupu. Mkanda ukaze tundu moja, mtembeze, kisha tundu la pili. Na umwite daktari wa mifugo. Meneja akisema ni gharama, mwambie mfupa wa mtalii ni gharama zaidi.

Sasa hapa utanikasirikia. Kwenye video hiyo hiyo, kabla ya pundamilia, amekusogeza mara tatu na hukuona. Alileta bega, ukarudi hatua. Akageuza kichwa kukufuta na pua, ukacheka, ukarudi hatua nyingine. Mara ya tatu alikaribia tu na wewe ukampisha mwenyewe. Katika kundi la farasi anayemsogeza mwenzake ndiye mkubwa, na mara nyingi ni jike la makamo, wala hampigi mtu teke. Analaza masikio tu, wenzake wanampisha kwenye maji. Huyo Bi Mkubwa wenu hakukosewa jina. Anauliza kila asubuhi nani kiongozi hapa, na wewe unamjibu ni wewe mama, pita.

Usimpige. Najua vijana wa hapo wanakuambia mjeledi mmoja tu atanyooka. Simama wima, tazama kifua chake, tikisa kamba kidogo, ongeza kidogo, na akirudisha mguu mmoja nyuma, tulia kabisa, mikono chini. Mguu mmoja unatosha kwa siku hiyo. Wewe na ndugu zako wote mna tabia moja, mkipewa mguu mmoja mnataka minne.

Hao wazee wa Kimarekani wa kufundisha farasi uliowasifia nimeanza kuwapenda, ingawa nilibisha. Mwakio alinitafutia. Tom Dorrance alizaliwa mwaka 1910, mtu wa ranchi za Oregon, mtu wa kimya. Na Ray Hunt, aliyekuja kuzungukia nchi akifundisha watu, kumbe alimfuata Dorrance kwa sababu ya farasi mmoja mkorofi aliyeitwa Hondo. Hilo limenifurahisha. Mwalimu mwenyewe alishindwa na farasi ndipo akaenda kuuliza. Walikuwa wakifanya kazi ya ng'ombe, farasi anafundishwa huku anafanya kazi yenye maana, hapelekwi tu huku na huku kuonyesha watu.

Ila si kila anayejiita mwanafunzi wao nitamkubali. Yule kijana wa kofia kubwa uliyenitumia, anayemkimbiza farasi ndani ya boma la duara mpaka jasho linachuruzika, halafu farasi anamfuata na watu wanapiga makofi, mimi hapo sioni urafiki. Farasi amechoka, na katikati ya boma ndipo mahali pekee anapoachwa apumzike. Anasema pia kwamba akilamba midomo na kutafuna amekubali. Huenda. Na huenda hofu imemtoka tu, mdomo uliokauka umelowa tena. Wewe tazama masikio, tazama ngozi iliyo juu ya pua kama imekunjamana, tazama mkia. Mkia unaopiga bila nzi, shuka.

Lakini kwenye jambo lenyewe wako sawa, na ndilo nililokuwa nikijaribu kukuambia Ngong ulipokuwa ukija likizo: farasi hajifunzi unapovuta, anajifunza unapoachia. Akipata nafuu sekunde ile ile aliyofanya vizuri, kesho atafanya mapema zaidi. Ukichelewa kuachia, umemfundisha kitu kingine na wala hujui ni kipi. Sasa niambie, mtu aliyejizungushia kamba mkononi ataachiaje? Hata akitaka, hawezi. Farasi analegeza, kamba bado imebana, na yeye anaona kulegeza hakuna faida. Kwa hiyo silalamiki kwa ajili ya vidole peke yake, ingawa nalalamika kwa ajili ya vidole.

Hilo la wageni wa Agosti limenikosesha usingizi. Unasema meneja anataka Bi Mkubwa aingie kwenye msafara wa siku tano, na wewe ndiye umpande mbele. Siku tano nje, farasi wanalala wamefungwa kamba usiku, simba wanasikika. Yeye amezoea banda na taa. Umemfunga usiku mmoja tu nje ya banda? Umempitisha mtoni? Umewahi kukutana na tembo ukiwa juu yake, si kuwaona kwa mbali bali kukutana? Tembo ukimjia upepo ukitoka kwake, hajui kwamba wewe upo mpaka umeshafika, na hapo Bi Mkubwa ataamua kabla yako. Mwambie meneja bado. Mpe farasi mwingine aongoze, Bi Mkubwa apelekwe mkononi nyuma siku ya kwanza tu, arudi. Kuna farasi anayeelewa kwa wiki, kuna anayetaka msimu mzima, na tarehe ya wageni yeye haijui.

Najua utaona aibu. Wewe ndiye msichana pekee katika masaisi wa hapo na hutaki waseme ameogopa. Wakati wangu sikuona binti wa kwetu hata mmoja aliyepewa farasi wa mtu amfundishe. Jumapili kanisani wananiuliza, "Wakesho bado yuko na farasi?" na mimi najifanya jambo la kawaida, lakini naketi vizuri zaidi kwenye benchi. Kwa hiyo mwambie meneja baba yangu amekataa, mzee aliyekaa na farasi wa mbio maisha yake yote. Nisingizie mimi. Nimezeeka, sina cha kupoteza.

Na visubi. Mvua ikiisha ndio wakati wao. Ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi hao hauna dawa, una chanjo tu, na pundamilia hao unaowapiga picha wanaubeba bila kuumwa. Waingizwe bandani kabla jua halijatua, wasitolewe mpaka jua limepanda. Uliza kitabu cha chanjo cha Bi Mkubwa kiko wapi, maana farasi wakiuzwa karatasi hupotea njiani.

Hapa nyumbani tembo wamepita tena shamba la chini la mjomba wako huko Mwatate. Mahindi yote ya upande wa barabara yamekwenda, na ndizi. Watu wa wanyamapori walikuja wakaandika, wakaondoka. Mjomba anasema mwakani atapanda pilipili, nimemwambia mwaka jana ulisema hivyo hivyo.

Presha ya mama yako imeshuka kidogo, ila chumvi haachi. Nikiiondoa mezani anaifuata jikoni. Amekuagizia fulana nzito kwa fundi, ya rangi ya kijani, anasema Laikipia usiku ni baridi kuliko hapa. Ng'ombe amezaa dume. Bati la jikoni limeng'oka upande wa sinki, nimeweka mawe juu yake mpaka nipate misumari mirefu. Pesa ulizotuma zimefika, nimelipa nusu ya karo ya Mwakio, na nusu nyingine mwalimu mkuu amekubali kungoja mwisho wa mwezi. Usitume nyingine kabla hujanunua buti zenye kisigino. Hizo raba ulizovaa kwenye video zitapenya ndani ya kikuku cha tandiko mpaka kifundo, na ukianguka mguu utabaki huko juu, na hapo itakuwa kamba ya pili uliyojifunga mwenyewe. Ya kwanza nimeshaisema.

Mwakio anauliza kama buti zako za mpira za bustani bado unazitaka, maana ameshaanza kuzivaa. Anataka pia kuja huko Desemba kukaa wiki mbili. Nimemwambia akuombe mwenyewe. Akija, asimguse Bi Mkubwa. Na habari za meno nijibu kabla ya Jumapili, ukipiga usiku uipige ile simu ya mama yako, yangu haikai na chaji.

Baba yako