Risala ya Kamati ya Habari na Video ya Usharika kwa Mgeni Rasmi, Jumapili ya Harambee

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Mchungaji Kiongozi, wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa yetu yote, wanakwaya na wapendwa wote, Bwana Yesu asifiwe!

Mheshimiwa, tunamshukuru Mungu aliyekutoa kwenye majukumu yako mengi ukakubali kupanda mlima kuja kukaa nasi. Tunajua ulialikwa kwingine leo. Kuja kwako tumekupokea kama jibu la maombi.

Kwa ufupi sana, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walileta Injili huku Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mwaka huohuo redio ya Sauti ya Injili ikaanza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, vipindi vya Kiswahili vikirekodiwa hapo chini Moshi. Wazee wetu wanakumbuka walivyokusanyika kwenye redio moja, mpaka mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kile kituo. Kamati yetu ni mtoto wa kazi ile. Ilizaliwa mwaka 2020, wakati wa Korona, wazee wengi walipoogopa kuja ibadani na vijana wawili wakaanza kuwarekodia mahubiri kwa simu.

Mheshimiwa, mafanikio ni makubwa. Hadi leo tumetoa video 87. Chaneli yetu ya YouTube ina wafuatiliaji 412, wakiwemo watoto wa usharika walioko Dar es Salaam, Oman na Marekani. Ibada za mazishi ndizo zinazotazamwa kuliko zote, kwa sababu mtu aliye mbali na asiye na nauli naye anataka kumsindikiza mama yake. Mahubiri tunayakata vipande vya dakika tatu na kuvituma kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya, maana bando la mwananchi halibebi ibada nzima. Kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi pale sokoni anawawekea wateja mahubiri yetu bure. Ndugu mmoja aliyekaa miaka tisa bila kukanyaga kanisani alisikia kipande kimoja kwenye simu ya jirani, na Pasaka iliyopita alishiriki Meza ya Bwana. Kama kamati isingefanya kingine chochote, hilo peke yake lingetosha.

Sasa Mheshimiwa, tunaomba utusikilize kwa jambo moja tu. Hatuombi kamera, wala taa. Tunaomba sauti.

Simu yetu hufungwa kwenye nguzo ya katikati, mita kumi na nne kutoka mimbarini. Inachonasa ni mwangwi wa kuta, watoto wanaolia na mvua juu ya bati. Miksa ya kanisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti za maiki, ina njia nane, zinazofanya kazi ni tatu, na haina pa kutolea sauti kwenda kwenye kompyuta. Umeme ukikatika, na hapa hukatika, matangazo ya moja kwa moja yanakufa katikati ya Baba Yetu. Mama mmoja ambaye hajatoka kitandani tangu avunjike nyonga alimwambia mwinjilisti: "Nawaona midomo ikicheza, mwanangu, lakini neno silipati." Mwezi wa saba tulipeleka projekta na jenereta kwenye mtaa wetu wa tambarare, tukatundika shuka jeupe, watu wakaja wengi na viti vyao. Sauti ya kompyuta haikuvuka mstari wa pili. Baada ya nusu saa walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakitushukuru.

Tumejifunza kwamba mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini maneno yasiposikika anafunga simu. Picha tunaweza kuipunguza. Picha nzuri ya moja kwa moja hula karibu GB 1.8 kwa saa, nasi tunaishusha makusudi ili bando lifike mwisho wa ibada. Sauti haina pa kupunguzwa. Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Wazee wetu wa redio walikuwa na sauti bila picha, wakahubiri nchi nzima. Sisi tuna picha bila sauti.

Mheshimiwa, ombi hili si geni mahali hapa. Mwaka 2022 mgeni rasmi wa siku ile alisimama hapo ulipo, akaahidi miksa mpya kabla ya Krismasi. Tulipiga vigelegele, akakabidhiwa mbuzi. Tumemwandikia barua tatu. Mwaka uliofuata mgeni mwingine aliahidi shilingi milioni mbili, akasema tumfuate ofisini Jumatatu. Wajumbe wetu wamekwenda Jumatatu sita, kwa nauli zao. Majina hatuyataji, na tunaendelea kuwaombea, kwa kuwa kila mtu ana mizigo yake. Ila vijana wetu wameanza kuuliza kama makofi ya harambee yana maana, na sisi wazazi wao tumekosa jibu.

Kwa hiyo safari hii tumejipanga. Ankara ya dukani tumeiambatisha: miksa yenye njia ya kompyuta, maiki mbili zisizo na waya, spika moja ya kubeba mitaani, na inveta na betri yake za kutumia umeme ukikatika, jumla shilingi 3,850,000. Wanawake wa usharika wameuza ndizi na maziwa, vijana wamelima vibarua. Benki tuna 1,260,000. Pungufu ni 2,590,000. Tunakuomba, kwa heshima zote, utushike mkono katika kiasi hicho, na utakachokijalia kiwe kile kinachowezekana leo, hata kama ni kidogo kuliko ambacho moyo wako ungependa kutamka. Mhazini ameketi kushoto kwako na kitabu cha stakabadhi. Namba ya akaunti ya usharika iko chini ya ankara.

Baada ya ibada tunakukaribisha chakula, kisha vijana watakuonyesha ile video ya mtaa wa tambarare, kama ilivyo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kamati ya Habari na Video ya Usharika