Nduthi ya kutu usiikimbie, lakini usilipe kabla ya kuona fremu na logbuku

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lenu manake hii maneno imenijaa. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kariobangi Light Industries na siku hizi, vile pikipiki mpya zimekuwa ghali, vijana wananitumia picha za nduthi imeegemezwa ukuta huko Kayole ama Dandora, imelala miaka, kutu mpaka kwa spoki, na wanauliza fundi, ninunue ama niache? Wengine wanauliza na washalipa tayari, na hao ndio wananiuma roho.

Kutu ya nje isikutishe. Madigadi, ekzosi, spoki, cheni, hizo zote unapata Kirinyaga Road, na kama ni Boxer ama TVS hata hapo kwenu mtaani hukosi speya. Honda CG125 ya zamani pia usiidharau, Wachina walinakili injini yake kwa hivyo vitu vyake vingi bado vinapatikana kwa bei ya chini.

Kutu ya kuogopa ni ile picha haionyeshi. Inama uangalie fremu pale shingoni, angalia chini ya betri manake asidi hutiririka hapo miaka yote na kula chuma polepole, halafu uangalie pale mkono wa gurudumu la nyuma umeshikwa na boliti. Gonga na bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinadunda tu na saa zingine bisibisi inaingia ndani. Ukipata hivo ondoka, na asikudanganye mtu ati itachomelewa, fremu ya kubeba watu kwa Kangundo Road sio ya kubandikwa bandikwa.

Injini usianze na kupiga kiki, tafadhali. Toa plagi, mwagia oili kidogo kwa silinda, iache ilale usiku mzima, kesho yake weka gea ya juu kabisa uisukume mbele na nyuma pole pole. Ikizunguka kuna matumaini, ikikataa basi ringi zimeshikana na silinda na hapo uhesabu pistoni mpya na kuboa silinda, hiyo sio pesa ya mchezo. Wanaolazimisha ndio huvunja ringi zikakwaruza silinda ambayo ingepona. Tangi nalo lifungue umulike ndani na simu, petroli iliyokaa sana hugeuka gundi na kuziba jeti za kabureta, na kama ndani kuna maganda mekundu utakuwa ukisafisha kabureta kila mara mpaka hilo tangi lishughulikiwe. Tairi pia isikudanganye na meno yake, soma namba nne za mwisho ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 1715 ni wiki ya 17 ya mwaka wa 2015, na hiyo usibebe mtu nayo hata kama inaonekana mpya.

Sasa karatasi, na hapa ndio watu wanalia. Nduthi nyingi zilizolala hivi mwenyewe alifariki ama alienda mashambani akapotea. Mama watoto anauza kwa roho safi kabisa, anataka karo, na kijana analipa anapewa funguo na logbuku ya marehemu, ile karatasi ya kuonyesha mwenye pikipiki. Lakini kubadilisha jina ni lazima muuzaji mwenyewe aanzishe kwa akaunti yake ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na marehemu hawezi. Inabidi familia ianze na barua ya chifu, halafu ipate idhini ya kusimamia mali ya marehemu, ndio sasa iuze. Bila hiyo umenunua chuma, pikipiki bado ni ya mtu mwingine. Naomba familia zenye pikipiki kama hizi zianze hiyo shughuli mapema badala ya kungoja mnunuzi, itawapa hata bei nzuri.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta namba ya pikipiki kwa rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unalipa ada unaona imeandikishwa kwa jina la nani, na kama ilichukuliwa kwa mkopo jina la mkopeshaji linaweza kuwa bado liko hapo. Kisha linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwa fremu na ile ya logbuku, moja moja. Ikiwa imesuguliwa na faili usiulize bei tena, nenda nyumbani.

Kama unategemea hiyo nduthi ikupe chakula kuanzia kesho asubuhi, mimi nakushauri usinunue, hata fremu ikiwa safi. Itakaa gereji na wewe utakaa njaa. Lakini kama una kazi nyingine na unaweza kuweka kando pesa zingine za kuitengeneza kama zile za kuinunulia, basi nunua, na ununue kwa furaha. Inaniuma sana nikiona Yamaha DT yenye fremu nzima inakatwa na grainda iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, pikipiki ambayo ingetembea tena kama mtu angeiangalia vizuri siku moja tu.

Na ukienda kuiangalia nenda mchana jua likiwaka, sio jioni, na uende na fundi wako mwenyewe, yule wa muuzaji mwambie asante.

Fundi wa pikipiki,
Kariobangi, Nairobi