Diski hazili matairi, paralelizimu ndiyo iliyosahauliwa

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Ibanda aliandika kwamba alifunga freni za diski kwenye Land Cruiser BJ40 yake ya zamani, na kabla mvua hazijaisha matairi ya mbele yalikuwa yamekwisha ukingo wa ndani. Anawashauri wenye jeep za zamani wabaki na tamburi, zile freni za ngoma za zamani. Ninamheshimu ndugu yangu huyo, lakini ushauri wake unaweza kuua watu kule kwenye mteremko wa Ngomo.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kadutu. Anayeteremka Ngomo na mzigo kwenda Kamanyola anajua tabia ya tamburi: ikishika moto inatanuka, inazikimbia garnitiri zake, vile vipande vinavyoisugua kwa ndani ili isimame, na pedali inazama. Ikipita majini, gurudumu moja linashika, jingine linakataa. Diski ikishika moto inavimba kuelekea kwenye plaketi zinazoibana, na maji inayatupa yenyewe. Kwa nini tuiache?

Tatizo ni kazi iliyoachwa nusu. Diski za BJ40 mara nyingi tunazitoa kwenye Land Cruiser 60, iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1990. Ili zikae, fundi anafungua mpaka kwenye pivo, pale gurudumu linapogeukia: mikono ya usukani inatoka, rotili, yaani viungo vya usukani, zinang'olewa, pengine na ile bara ndefu inayounganisha magurudumu ya mbele inabadilishwa. Baada ya hapo kipimo cha zamani cha paralelizimu, yaani jinsi magurudumu mawili ya mbele yanavyoelekea sawasawa, hakipo tena. Lakini gari linajaribiwa freni tu, mteja analipa, anaondoka.

Pima nafasi kati ya matairi mawili ya mbele, kwanza upande wao wa mbele, kisha upande wao wa nyuma, na chukua kwamba vipimo hivyo vinatofautiana kwa milimita 10. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 80, kila gurudumu linaburuzwa kiubavu mita 6 hivi katika kila kilomita. Nenda Uvira urudi, uone ni mpira gani utakaovumilia! Magurudumu yakibanana mno mbele, ukingo wa nje ndio unaoisha. Yakiachana mbele, unaisha wa ndani, na ukipitisha kiganja unasikia meno kama ya msumeno. Diski haiwezi kula ukingo mmoja wa tairi. Dalili aliyoiandika msomaji wetu ni ya paralelizimu.

Wala haihitaji mashine ya bei kubwa. BJ40 ina ekseli nzima mbele, kwa hiyo kinachorekebishwa kwenye bara ni kubanana na kuachana kwa magurudumu tu. Weka upepo sawa, hakikisha rotili na rulemani hazichezi. Inua kila gurudumu la mbele, lizungushe, na kwa msumari uchore mstari katikati ya tairi, ulizunguke lote. Shusha gari, lisukume mbele kidogo lijitulize, halafu pima kati ya mistari miwili, mbele na nyuma, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Mbele kuwe pembamba kwa milimita chache tu, kama kitabu cha Toyota kinavyosema kwa aina ya matairi yako.

Gari likivuta upande pale tu unapokanyaga freni, hapo usiiguse bara. Tazama bomba la mpira, tazama pistoni iliyokwama. Tazama pia silinda kuu: ile ya tamburi mara nyingi ina vali inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba, na ikiachwa humo plaketi haziachii diski, zinachemka siku nzima. Mafundi wengi wanairuka hiyo.

Ninaomba magaraji ya Bukavu, kila yanapofunga diski, yaandike kwenye faktiri vipimo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, na mteja asimame pale mita inaponyooshwa. Naye ndugu yangu wa Ibanda, kabla hajarudisha tamburi, alete jeep yake huku Kadutu. Nitaipima mbele ya macho yake, bila malipo.

Fundi wa magari,
Kadutu, Bukavu