Dawa ni ya msaada, nauli na bili ni zetu

Mhariri,

Kila tarehe 17 Aprili, Siku ya Hemofilia Duniani, tunasikia kwamba watoto wetu wenye ugonjwa huu wa damu kutoganda wanapata dawa bure. Ni kweli, na mimi si mtovu wa shukrani. Naomba tu nafasi nieleze hiyo "bure" inaishia wapi.

Mwanangu ana hemofilia A, tena kali. Tulijua siku ya tohara, alipotoka damu mpaka asubuhi ya pili. (Mama mkwe alikuwa na maelezo yake, hayo niyaache.) Faktori ya 8, protini inayogandisha damu, karibu haimo mwilini mwake. Miaka yote tiba ilikuwa kumchoma faktori hiyo kwenye mshipa, nayo ndani ya saa 12 hivi nusu imekwisha. Wenye nafasi huchomwa mara 2 au 3 kwa wiki ili wasivuje damu kabisa. Sisi tulikimbilia sindano goti likishavimba kwa damu, na goti la kushoto mpaka leo halinyooki.

Ndipo ikaja Hemlibra, sindano ya chini ya ngozi ambayo mgonjwa anaweza kuchomwa mara moja tu kila wiki 4. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017 bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka. Genge langu la nyanya lingeuza mpaka kiama. Roche, wenye dawa, hutoa sehemu kwa Shirikisho la Hemofilia Duniani igawiwe nchi zisizoimudu, na mwanangu akabahatika.

Lakini sisi tunaishi Ifakara na sindano iko Dar es Salaam. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Siku mbili za shule, siku mbili genge limefungwa. Hospitalini kuna kumwona daktari, kuna vipimo, na safari moja tuliambiwa tukanunue bomba la sindano duka la nje. Mwezi ambao biashara imelala hatuendi. Dawa ya mamilioni inakaa kwenye friji, mtoto anavuja damu ndani ya goti nyumbani. Akishalazwa, ndipo inaanza bili ya kitanda na ya faktori, maana Hemlibra huzuia damu isitoke, haisimamishi iliyokwisha kuanza.

Dawa hii hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, sawasawa na chanjo za watoto. Friji hiyo ipo kwenye zahanati yetu. Muuguzi anayechoma chanjo ya surua anachoma chini ya ngozi kila wiki. Kwa nini dozi isiletwe pamoja na chanjo, sisi twende Dar mara moja moja kwa daktari bingwa?

La pili ni la Wizara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kitita chake kibebe vipimo, kitanda na faktori za watoto hawa, na Serikali itenge fungu lake la dawa hata kama ni dogo. Dozi hupimwa kwa kilo, na mtoto anakua. Mfadhili hajatuahidi kwamba naye ataongeza.

Sindano ijayo ni Jumatano. Nauli nimepata ya mtu mmoja.

Mama wa mgonjwa,
Ifakara