RTX 5060 ni ya mcheza gemu au ya mchimbaji wa sarafu?

Tangu tulipoanza kuuza kadi ya michoro ya GeForce RTX 5060 hapa Lubumbashi, wanaoiulizia ni wa aina mbili. Wapo wanaotaka kucheza gemu bila picha kukwamakwama, na wapo waliosikia kwamba kadi kama hii huchimba sarafu za kidijitali, yaani hupiga hesabu za kulinda mtandao wa sarafu na kulipwa kwa sarafu hizo, usiku na mchana hadi irudishe gharama yake. Wa kwanza tunawauzia kwa moyo mweupe. Wa pili tunawaomba wakae kwanza tupige hesabu pamoja, kwa sababu hatupendi kupokea dola za mtu kwa kazi ambayo kadi haitamfanyia.

Ni kweli kwamba kadi za michoro ziliwahi kuleta fedha. Ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, ilichimbwa kwa kadi hizi, na mahitaji yakapanda hivi kwamba NVIDIA, kampuni inayobuni kadi za GeForce, ilipotoa RTX 3060 mwezi wa Februari 2021, iliiwekea kizuizi cha kupunguza kasi ya kuchimba ether kwa takriban nusu, ili wacheza gemu nao wapate. Lakini tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana kabisa na uchimbaji, na tangu hapo unalindwa na watu wanaoweka ether zao wenyewe kama dhamana. Kadi zilizokosa kazi zilikimbilia sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin, na kwa kuwa mitandao hiyo haiongezi malipo kwa sababu wachimbaji wameongezeka, fungu la kila mmoja lilipungua sana.

Anayetaja bitcoin tunamwambia wazi kwamba hiyo haichimbwi tena kwa kadi ya michoro. Inachimbwa kwa mashine za ASIC zisizojua kazi nyingine. Antminer S21, kwa mfano, hufikia terahashi 200 kwa sekunde (yaani majaribio ya hesabu trilioni 200) na kula wati 3,500, na kadi ya michoro haifikii hata sehemu moja ya elfu ya kasi hiyo. Hata hapa nchini kwetu, Hifadhi ya Virunga inachimba bitcoin kule Luviro, Kivu ya Kaskazini, lakini inatumia umeme wa maji wa kituo chake yenyewe. Ukiwa na mto na mtambo wako, mazungumzo ni mengine.

Mteja wa Katuba au Ruashi hana mto. RTX 5060 imepangiwa kula hadi wati 145; ikifanya kazi kwa nguvu hiyo saa 24, inamaliza karibu uniti 3.5 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 100 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu sehemu nyingine za kompyuta. Hesabu hiyo inachukulia kwamba umeme upo. Unapokatika, mchimbaji ama anasimama ama anawasha jenereta, na kwa bei ya mafuta mjini hatuoni njia yoyote ya kupata faida.

Kwa gemu, kadi hii tunaisifu bila kusita. Ina memori ya gigabaiti 8 aina ya GDDR7, na teknolojia yake ya DLSS 4 huweza kutengeneza picha za ziada kati ya zile ilizochora yenyewe, hivyo mwendo unaonekana laini zaidi. Kwa skrini ya 1080p inatosha vizuri. Anayetumia skrini ya 1440p na kutaka kila kitu kiwe juu kabisa, tunamshauri aongeze fedha achukue RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, kwa sababu baadhi ya gemu za sasa hujaza gigabaiti 8 na picha huanza kukatika.

Linalotusumbua zaidi ni kompyuta inayopokea kadi. Nyingi mjini humu ni zile za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya, zenye pawa saplai ya wati 240 au 300 isiyo na waya wa pini 8 ambao kadi inauhitaji. NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 550. Kuna baba mmoja wa Kampemba aliyekuja kumnunulia mwanawe kadi. Tulipofungua kompyuta yao tukamwonyesha lebo ya wati 240, akauliza kama waya wa kuunganishia usingetosha. Tukamjibu, «Papa, waya utaingia, lakini umeme wenyewe haupo ndani ya boksi hilo.» Alinunua pawa saplai kwanza. Kompyuta kuukuu zina jambo jingine pia: kadi hii hutumia njia 8 tu za PCIe, zile zinazopitisha data kati ya kadi na bodi ya kompyuta, kwa hiyo kwenye bodi yenye PCIe ya kizazi cha tatu hupoteza sehemu ya kasi yake, hasa memori inapojaa.

Tunawaomba pia muwe waangalifu na kadi za bei ya chini zilizotoka kwa wachimbaji. P106-100, iliyotengenezwa kwa ajili ya uchimbaji, haina hata soketi moja ya kuunganisha skrini. Igeuzeni muone nyuma kabla ya kulipa. Nyingine zina soketi zote, lakini feni zake zinatetemeka, krimu ya kupitisha joto imekauka kwenye chipu, au programu yake ya ndani ilibadilishwa ili ichimbe vizuri zaidi. Aliyepewa kadi ya namna hiyo na muuzaji yeyote anaweza kuileta kwetu pamoja na muuzaji mwenyewe, tukaiwasha mbele yao wote wawili na kuiendesha kwa nguvu zote mpaka ipate joto, kwa sababu memori mbovu mara nyingi hujionyesha wakati huo, kwa vidoa vya rangi na mistari kwenye skrini.